Blanketi Moja

Julai ghala la Bakiri limelala,
magunia yamekunjwa, mizani imefunikwa turubai,
nasi tuliobana shilingi tangu msimu wa korosho
tumepanda Newala kutafuta baridi.
Kutafuta, ndiyo. Majirani wa Chuno walicheka:
"Wenzenu wanakimbia kifua, nyie mnakifuata!"
Nimevaa sweta la mtumba
lenye picha ya mnyama mwenye pembe kama matawi.
Bakiri amevaa koti la marehemu baba yake,
mpaka leo linanuka salfa ya mikorosho.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya vigae.
Kijana wa funguo akatuonyesha runinga,
bomba la maji moto, pazia jekundu,
akawasha taa na kuizima mara tatu ili tuamini.
Bakiri akabonyeza godoro kwa ngumi
kama anavyopima gunia analolishuku unyevu.
"Zuri," akasema. Nikajua hataki.
Mle ndani mlikuwa na joto la Mtwara, la kulipia.

Ya pili imesimama ukingoni kabisa,
pale ardhi inapokatika ghafla
na bonde la Ruvuma limelala chini kama shuka lisilotandikwa.
Niliitaka hiyo. Nasema kweli, niliitaka.
Lakini dirisha lilifungwa kwa kamba ya katani,
na upepo ulikuwa umeshaingia, umeshavua viatu,
umeshakaa kitini kabla yetu.
Halafu mwenye nyumba akadai cheti cha ndoa.
"Kipo sandukuni," Bakiri akamjibu,
"miaka kumi na minane hakuna aliyekiulizia."

Ya tatu hatukuitafuta. Tuliulizia chai.
Binti Ngaweje alikuwa kibarazani anamenya ming'oko,
kanga mbili mabegani, soksi za mpira miguuni,
akasema kuna chumba uani, alichojijengea mwanawe
kabla hajahamia Masasi:
fito na udongo, dari ya mianzi iliyoiva masizi,
mafiga matatu katikati, mlango wa mninga
usiofunguka mpaka uunyanyue kidogo
kama mtoto anayedeka.
Akataja bei. Akataja na kasoro, bila kuulizwa:
"Kuni ni za mkorosho, zinaliza.
Maji ndoo mbili, yamepandishwa mlima huu kichwani,
myatumie kwa adabu.
Na blanketi ni moja."

Moja.

Kimya kikapita, na ukungu ukapita nacho,
ukafuta mbuzi, ukafuta choo, ukafuta mbaazi za jirani.
Nikamtazama Bakiri. Bakiri akatazama ming'oko.
Miaka kumi na minane tumelala Chuno,
feni ikinguruma juu yetu kama mkwe asiyeaga,
yeye ukingo wa ukutani, mimi wa mlangoni,
"Sogea, joto."
"Sogea wewe."
Mpaka kusogea kukawa ndiyo lugha yetu ya usiku.
Hatukugombana. Joto tu, tulisema. Joto tu.

"Lina ukubwa gani hilo blanketi?" akauliza mume wangu
kwa sauti ile ya ghalani, ya mtu anayekagua mali.
Binti Ngaweje hakuinua kichwa.
"Linatosha watu wanaopatana."

Tukalipa.

Usiku kuni zikatuliza, kama tulivyoahidiwa.
Ming'oko tukaila kwa chumvi na pilipili,
maganda tukayatupa motoni, tukayasikiliza yakilalamika.
Blanketi lilikuwa la kijivu,
lina tobo la cheche, kubwa kama sarafu,
na halikutosha.
Likavutwa huku, likavutwa kule.
Miguu yake ya baridi ikaigusa yangu,
ikaomba radhi,
ikabaki.
"Somoe," akaita gizani, "sogea."
Nikaanza kuhamia mlangoni, kwa mazoea.

"Huku," akasema.