Alteneta

Gari lilizimika Jumanne, saa nne na robo asubuhi,
kwenye kona ya juu ya kijiji cha Vilarmeán,
milima ya Galicia, mvua ya manyunyu,
likiwa na vifurushi sitini na viwili
na mimi, Amaro, wa sitini na tatu.

Nilikuwa mtu wa dakika mbili na nusu.
Dakika mbili na nusu kila mlango:
kengele, sahihi, asante, ngazi,
mkate nimeubana kwa meno, usukani mkononi.
Aliyekuwa mke wangu alisema
hata usingizini nakanyaga breki.

Fundi Bieito alifunua boneti, akachungulia,
akawasha sigara, akaizima, akachungulia tena.
"Alteneta," akasema. "Itatoka Ourense. Wiki mbili,
mvua ikipenda."
Mvua! Nani aliomba ruhusa ya mvua?

Jioni kampuni ikaleta gari jingine.
Wakabeba vifurushi, kimoja kimoja, kwa uangalifu.
Mimi sikuwa na anwani juu yangu. Wakaniacha nilinde chuma.

Siku ya kwanza nilizunguka uani
kama kuku anayetafuta pa kutagia.
Siku ya pili nilihesabu mawe ya ukuta, nikakosea, nikaanza upya.
Siku ya tatu Bi Sabela, aliyenipa chumba juu ya zizi,
akanitia ndoo mkononi:
"Miguu yako haijui kutulia. Itume kwa ng'ombe."

Ng'ombe anaitwa Rula, na Rula hakimbizwi.
Ukimkamua kwa pupa anafunga maziwa
kama mwenye duka aliyemwona mkopaji.
Nikakaa kwenye kigoda, paji la uso ubavuni mwake,
nikasikia tumbo lake likisaga majani ya jana.
Sijui zilipita dakika ngapi. Nasema tena,
kwa kuwa sijawahi kuisema sentensi hii maishani:
sijui zilipita dakika ngapi.
Pumzi yangu ikaifuata yake.
Chwaa, ndani ya ndoo. Chwaa.

Sikudanganyi, chumba kile kina baridi ya kaburi,
viroboto wananijua kwa jina,
na benki ya Vigo bado inaniandikia kwa wino mwekundu.
Lakini nimekula tufaha nikiwa nimeketi.
Tufaha zima, hadi mbegu.
Nilikuwa na miaka arobaini na sita
na sikujua kuwa upande uliopigwa na jua
una ladha yake, na wa kivulini una yake.

Simu ilikuwa ikiwaka kwenye dirisha:
Uko wapi?
Uko wapi?
Uko wapi?
Swali zuri. Nililiacha mezani siku nne,
nikilipitia kila nikileta kuni.
Nilipolijibu, niliandika: Hapa.
Hawakuuliza tena.

Siku ya kumi na tisa Bieito akapanda kilima,
boksi kwapani, suruali imelowa hadi magotini.
"Imefika. Nikufungie leo, au kesho?"
Nikamtazama. Akanitazama.
Ndani, Bi Sabela alikuwa akilalamika peke yake:
jiwe la kukandamizia jibini limepasuka katikati,
jiwe la mama yake, na la mama wa mama yake,
na sasa atapata wapi kitu kizito cha kadiri,
kisiponde, kisielee.

Gari bado lipo konani. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva,
na kila asubuhi nagonga kioo kwanza, kwa adabu,
nangoja wanipishe.
Na ukija jikoni, utaiona juu ya kifuniko cha mbao,
imefungwa vizuri katika nailoni mbili,
alteneta mpya, kilo sita kasorobo,
ikikamua maji ya jibini, tone, kisha tone,
ikifanya kazi usiku kucha
bila kuzunguka hata mara moja.