Ushuru wa Darajani

Mara ya kwanza tulikuwa na nyumbu kumi na mmoja.
Tisa walibeba masanduku, mmoja alimbeba padri,
na Beltza, nyumbu wangu mweusi asiyependa maji,
alimbeba Oneka, binti wa mfalme wetu,
miaka minane, miguu haifiki kwenye vikuku vya tandiko.

Mimi Otsoa, mtu wa nyumbu. Sijui kusoma.
Lakini usiku ule Pamplona nilikuwa mlangoni
karani alipousoma mkataba kwa sauti ya muuza samaki:
ngome tano upande huu, ngome tano upande ule,
kinu cha maji, chumvi ya mwaka mzima,
na katikati ya kinu na chumvi, jina lake.

Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja.
Wafalme wana dawa yake:
humleta ndama, humfunga katikati.

Daraja la Ebro, mtoza ushuru alikuwa Munio,
kijana bado, pua imemwiva kwa baridi.
"Mzigo gani?"
Padri akajinyosha juu ya nyumbu wake: "Amani,
kati ya Navara na Kastilia."
Munio akaukagua ubao wa bei. Sufu. Pilipili. Ngozi.
Amani haikuwamo. Tukapita bure.

Milima ya Oka, umande umeganda,
Oneka akatema kitu kiganjani. Jino. La juu, mbele.
"Kwetu yaya hulitupa motoni.
Kule sijui moto ni wa nani.
Nishikie."
Nikalifunga katika tambara, nikalishonea mshipini.

Burgosi walimpokea kwa kengele. Bwana harusi
alikuwa na miaka kumi na mitatu, na chunusi, na mwewe mkononi
aliyemshughulisha kuliko mke.
Mimi nilipewa supu na kofia ya sufu.

*

Miaka kumi na minne. Ngome zilibadili bendera mara tatu.
Kisha barua kutoka Roma: ndoa si ndoa.
Babu wa babu yake na nyanya wa nyanya yake
walinyonya titi moja.

Kana kwamba ni habari! Wapishi walijua.
Beltza, aliyekufa zamani, alijua.
Walipotaka amani, undugu ulikuwa mbali kama mwezi;
walipotaka vita, ukasogea mpaka kitandani.

Nikaitwa nimrudishe. Nyumbu watatu.
Watoto ni halali, walisema maaskofu,
kwa hiyo ni wa Kastilia. Wakawapigia muhuri.
Mama alipewa kitanda cha mfumi alichokuja nacho:
hicho ndicho kitanda pekee walichokiri ni chake.

Siku mbili hakulia. Alihesabu, kwa lugha yetu,
polepole, kama mtu anayetafuta ngazi gizani:
bat, bi, hiru, lau…
Saba ilimponyoka.
"Zazpi," nikamwambia. Hapo ndipo akalia.

Oka nikaufumua mshipi.
Aliligeuza jino kwa kidole, muda mrefu,
dogo kama punje ya shayiri.
"La Ordonyo limeanza kulegea," akasema. "La chini."
Hakusema zaidi.
Moto wa usiku ule ulikuwa wangu, kuni nilizikata mwenyewe.
Nikageuka kuwafunga nyumbu, nikachelewa makusudi.

Darajani Munio amenenepa, ubao ni mpya.
"Mzigo gani?"
Padri hakuwepo. Nilimtazama Oneka,
Oneka alitazama maji.
"Mtu anarudi kwao," nikasema.

Munio akapitisha kidole, juu mpaka chini,
akarudi juu. Sufu. Pilipili. Ngozi.
Akakuna kichwa. Safari hii hapakuwa na wa kumtisha.
"Kitanda cha mfumi, kimoja," akaandika. "Na mwenye nacho.
Dinari mbili."

Alilipa mwenyewe, akizihesabu kwa sauti:
bat, bi.
Hakukosea.