Chumba cha Chaki

Mwaka ule ziwa lilipopanda hadi kwenye migomba ya watu,
baba alirudi kutoka karakana ya reli na kipande cha chaki
na barua ya kampuni ya meli, imekunjwa mara nne
mfukoni mwa ovaroli.
Akatuambia tuhamishe meza.
Akapiga magoti juu ya saruji
akachora kebini.

Futi tisa kwa saba. Mlango huku, kulia.
Vitanda vinne, viwili juu ya viwili,
sinki la kunawia, na dirisha la mviringo
alilolizungushia ukutani kwa mfuniko wa sufuria.
Mama akasimama katikati, mwiko mkononi:
"Kumbe ni chumba chetu hiki hiki,
ila wao wamekitoza nauli."

Aloo alikuwa anakwenda Bombei kusomea ukunga.
Siku tisa baharini. Hakuna aliyewahi kuiona bahari
Kaloleni nzima, lakini kila jirani
alijua kinachohitajika huko.
Debe la wimbi. Pasi ya makaa.
Blanketi mbili kutoka kwa mama Nyagudi, moja yake, moja ya deni.
Aliya ya ng'ombe, imekauka kama ubao, imefungwa kwa kaniki.
Viatu vya saizi kubwa, kwa kuwa elimu ni ndefu
na miguu haisimami kukua.

Baba alikuwa na sheria yake:
cha kutumika Bombei kishuke tumboni mwa meli,
cha kutumika njiani kilale mvunguni,
cha usiku kikae karibu na mkono.
"Na cha roho?" mama akauliza,
akiusukuma wimbi ndani ya mstari wa chaki.
Baba akaurudisha nje. Mama akausukuma ndani.
Mvungu, inchi kumi na nne, barua ilisema.
Sanduku la bati, kumi na tatu na nusu.
Aliichekea nusu inchi ile
kama mtu aliyeokota noti.

Basi kila jioni tulisafiri.
Mimi nilikuwa abiria wa kitanda cha juu, juu ya meza,
Abuto alikuwa mawimbi, akivuta mkeka,
na Aloo, taa imezimwa, alitakiwa kulivuta sanduku,
kutoa kanga, kufunga, kulirudisha
bila kumkanyaga mgonjwa yeyote.
Dakika sita. Dakika nne.
Siku aliyofika mbili na nusu
hakuna aliyepiga makofi.

Usiku wa mwisho niliingia mvunguni mimi.
Nilienea. Hata nafasi ilibaki.
Baba akanivuta kwa kifundo cha mguu, taratibu,
akasema, "Huu haumo kwenye orodha,"
akatoka nje, akakaa huko
mpaka chai ikapoa.

Barua ya Aloo ilifika wiki ya saba.
Mlango ulikuwa kushoto, baba.
Na chini ya kitanda palipita bomba la moto,
nene kama mkono wako; kampuni haikulitaja.
Sanduku lilikataa.
Nililala nalo kitandani, miguu juu yake, usiku zote tisa.
Wa kitanda cha juu ni Mgoa wa Nakuru, anakoroma kwa adabu.
Aliya ilianza kunuka siku ya tatu
tukaila wote wanne, mlango tumeufunga.
Pasi sijui niifanyie nini.

Baba aliisoma mara mbili, ya pili bila sauti.
Sakafu tulikwisha kuisugua mara nyingi,
lakini mistari ilikuwa bado inaonekana
ukiinama upande wa mwanga.
Akatafuta chaki. Akapiga magoti.
Mlango akaufuta kwa kiganja, akauhamishia kushoto.
Kisha akalichora bomba, polepole,
kutoka ukuta hadi ukuta.

Mama alipoingia na birika
aliinua mguu, akaliruka.