Sugu

Msimu wa korosho hapa Newala
hakuna kiganja kizima; mafuta ya maganda hayachagui.
Karani wa ghala kanishika mkono:
"Bi Somoe, mwaka huu umebangua!"
Nikameza sifa isiyo yangu.

Ni magongo hayo, miaka kumi na tisa.
Mpira wa mshikio ulipolika
nikafunga kipande cha kanga, kikalowa jasho,
ngozi ikachanika chini ya dole gumba.
Kilima cha kwenda sokoni hukumbusha.

Usiku Siwema hunipaka mafuta ya ufuta.
"Bibi, mbona viganja vigumu hivi?"
Nyayo zangu, mjukuu, zilihamia juu.
Hizo za chini laini kama za kichanga;
yeye huzitekenya,
nami huchelewa kucheka.