Wakati Uliopo

Daktari Gao Wenlan alijua wakati mmoja tu wa Kiswahili.
Kwake mgonjwa anakufa, hata akiwa amezikwa juzi;
mvua inanyesha, nasi tunatazama udongo wa Dodoma
uliopasuka kama kisigino.

Mimi nilikuwa mfua shuka, mwaka sabini na moja.
Jioni alikuja kufulia, akakalia kapu la nguo chafu,
akavua viatu vyake vya kitambaa
akala mlenda kwa vijiti,
jambo lisilowezekana.
Akaweza.

Juu ya pasi za mkaa nilitundika kalenda aliyonipa:
wakubwa wawili wa kwao kwenye roshani nyekundu,
wanatabasamu kama wajomba waliokwisha kupokea mahari.
Kila Jumamosi niliwapangusa vumbi
wote wawili, sawasawa.

Usiku mmoja akaja na wembe.
Akapanda kigoda. Akaanzia begani,
akaizunguka kofia taratibu, mkono wa mpasuaji,
akamtoa yule wa kushoto mzima mzima,
akamkunja, akamtia kwenye makaa ya pasi.
Moshi ukatokea matunduni.
"Huyu hayupo," alisema.
Nikampa pole, nikidhani amefiwa.

Kisha tukakunja shuka, ncha zake, ncha zangu,
tunakaribiana, tunaachana,
na katikati ya shuka ya wodi namba tatu akaniambia:

Baba yangu ni mwalimu.
Wanafunzi wanamvika kofia ya karatasi, ndefu.
Anasimama uwanjani. Jua linawaka.
Mimi niko mstari wa pili.
Ninapiga makofi.

Nilingoja aseme ilikuwa lini.
Hakuwa na neno la kuibebea.
Shuka ile tuliikunja mpaka ikawa ndogo kama tofali.

Mwezi uleule malori yakafika kwetu, upande wa Chigongwe.
Tembe la mama, paa la udongo,
nilimozaliwa nikisikia ng'ombe wakicheua ng'ambo ya ukuta,
likaangushwa uji ukiwa jikoni.
Mama akapanda lori na jiwe lake la kusagia kifuani,
hakutaka kusaidiwa.
Karani akaandika: eneo hili halina watu.
Alikuwa anamwandikia mgongoni kwa lori, daftari limeegemea ubao,
na mama yuko juu yake, anatazama kalamu.

Nami? Nilikuwa nimekuja na vijana wa mjini
kuhamasisha. Nimevaa kijani. Naimba.
Sauti yangu ilikuwa nzuri siku hizo.

Gao aliondoka kiangazi kilichofuata.
Alinipa mkono kwa mikono yote miwili
akasema, "Ninarudi," na hakurudi,
na hakusema uongo, kwa Kiswahili chake.

Sasa ni zamu ya vigae. Mjukuu wangu Nyemo anajenga Ihumwa,
akamleta kijana wa duka la Sabasaba kupima sakafu,
Ruan, shati limenyooka, simu mbili.
Huyu ana nyakati zote. Anasema nilikwenda, nitakwenda,
anasema ningalijua nisingalikuja na gari dogo.
Akaiona kalenda. Nimehama nayo mara nne.
Akaweka kidole kwenye tundu lenye mabega na kofia,
nyuma yake ukuta wangu, rangi ya maziwa.

"Bibi, nani alikuwa hapa?"

"Nikuulize wewe."

Akacheka kidogo. Akasema aliwahi kumuuliza babu yake
habari za miaka hiyo, wakiwa mezani.
Babu akamwongezea wali.

Basi nikatafuta. Nina -li-, nina -me-, nina hapo kale,
nimesomesha watoto wanne kwa lugha hii
na hakuna hata kimoja kilichokaa vizuri mdomoni.

"Anasimama," nikamjibu. "Jua linawaka.
Mama anashika jiwe. Mimi niko mstari wa mbele."

Kijana akanitazama, akajua pengine nimechoka.
Akavuta futi yake ya chuma toka pembe hadi pembe,
akaandika: nne kwa tatu na nusu.