Mistari ya Sakafu

Ya njano ni ya kikapu,
myeupe ni ya wavu, ya bluu ni ya netiboli,
na ile myekundu, myembamba kama mshipa wa jicho,
ni ya badmintoni,
mchezo wenye wachezaji sita, Moshi nzima.
Mgeni akiingia mara ya kwanza huduwaa,
kichwa kimemjaa njia panda.
Sisi tuliozoea huona rangi moja kwa wakati,
zilizobaki zinajifuta zenyewe.

Mimi ni Anaeli. Ufunguo wa ukumbi huu,
hapa katikati ya stendi na soko,
uko shingoni mwangu, mwaka wa kumi na moja.
Juu ya mlango niliandika mwenyewe, kwa rangi ya mafuta:
SOLI NGUMU MARUFUKU.
Hakuna aliyewahi kuisoma.
Wapambe wamepita na visigino,
mapromota wa ngumi na viatu vilivyochongoka,
mheshimiwa na msafara wake mzima wa matope,
na mimi nyuma yao, na mopu.

Jumamosi moja hubeba haya:
asubuhi mabinti wa Pasua na Njoro, filimbi, magoti yenye plasta;
saa nane sendofu, ndafu kasimama mezani
na majani mdomoni, kama aliyekatizwa akila;
usiku ulingo, kamba, damu kidogo;
kisha mimi peke yangu, nakwangua nta ya mshumaa
kwenye mstari wa penalti.
Mvua ya Aprili ikishika mabati
refa hasikii filimbi yake mwenyewe.
Mchezo unaendelea tu, kwa macho.

Mwalimu Nakijwa alipenda siku hizo.
"Sasa mtaangaliana," aliwaambia mabinti.
Na kwangu mimi: "Anaeli, sakafu yako inateleza
kama ahadi za diwani."
Futi kamba ilipoibiwa, alipima duara la katikati kwa nyayo,
kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole,
akihesabu Kipare chini ya pumzi.

Alituacha Jumatano.
Ijumaa, kabla ya safari ya Usangi, wakamleta hapa.
Nilisimama mlangoni nimeshameza maneno yangu,
maana mtu hawezi kumwambia mfiwa habari za soli.
Wa kwanza alikuwa kaka yake, dereva wa lori.
Akainua macho. Akasoma taratibu, midomo ikicheza.
Akainama, akafungua kamba.
Aliyemfuata akafungua. Na wa nyuma yake.
Kwaya, walimu, mama wa ndizi, diwani mwenyewe
na soksi yake yenye tobo kwenye kidole gumba.
Viatu vikajaa kizingitini, vikamwagika hadi barabarani,
bodaboda wakavikwepa.

Miaka kumi na moja, na sikuwahi kuisikia
sauti ya watu mia tatu pekupeku juu ya mbao.
Ni kama mtu anakunja shuka.

Mabinti hawakuambiwa kitu.
Kila mmoja alikwenda nafasi yake,
mfungaji chini ya ringi, mlinzi nyuma yake,
na Haikaeli, mchezaji wa kati, akakosa pa kusimama:
jeneza lilikuwa ndani ya duara lake.
Akatazama chini, akautafuta mstari wa bluu,
akarudi nyuma futi tatu,
kama sheria inavyotaka mbele ya mwenye mpira.

Hapo ndipo nilipotoka nje
nikajifanya napanga viatu.

Kesho yake kulikuwa na sendofu, bila shaka.
Nimepiga deki, nimepaka nta mara mbili,
lakini miguu ya ile meza ilikuwa ya chuma
na imeacha vidoa vinne kwenye mbao,
viwili ndani ya duara, viwili nje kidogo.
Juzi katoto kapya ka Njoro, jezi inamfika magotini,
kakachuchumaa, kakavigusa kimoja kimoja.
"Mzee, hivi ni vya mchezo gani?"

Nilikuwa na jibu. Lilifika hapa, kooni, kwenye ufunguo.
"Simama," nikamwambia. "Mpira unakuja."