Hesabu ya Alhamisi

Bomba sitini na mbili nilizitoa juzi, mpya, kavu,
nyuma ya gereji ya Mwandoni.
Leo, ndani ya kisanduku cha manjano,
zimerudi hamsini na tisa.

"Moja aliivunja askari," asema Twalib,
"kwa kiatu chake. Na kidole changu pia."
Ananikunjulia kitambaa nione.
Mbili nyingine hajui ziliko.

Muuza mahamri wa ng'ambo ya njia hanitazami.
"Sindano mwawapa. Kesho mtawapa na unga?"
Sina jibu la kumpa mtu aliyeshika upawa wa mafuta moto.

Lakini mimi, mama, nilikuwepo
siku za bomba moja, butu kama msumari,
maji ya kizibo cha chupa, foleni ya watu watatu:
Shekue kwanza, kisha Kadzo,
nami nikafuata
kama uzi.

Shekue yuko Kikowani.
Kadzo walimpeleka kwao, Ganze, ndani ya pikapu ya kukodi.
Mimi saa tatu za usiku nameza kidonge changu,
na alfajiri naamka, kila mara nikishangaa kidogo.

Chuo hutoka saa kumi na moja.
Watoto hukatiza mtaroni, kandambili mkononi,
wasizichafue.

Nachukua koleo.
Nafunua jani la mgomba la miraa, ganda la embe, tope.
Moja hii hapa.

Naandika daftarini: sitini.
Sauti zao nazisikia kwenye kona.
Napiga magoti tena.